Trieste: Bandari iliyotajirika kwa buni isiyoota kwao

MGENI anayeingia mkahawani mjini Trieste, kaskazini mashariki mwa Italia, na kuagiza ‘cappuccino’ kama alivyozoea kule Roma au Milan, huenda akashangaa kuletewa kikombe kidogo kisichozidi mafunda matatu. Wenyeji wa mji huu wana msamiati wao wenyewe wa kahawa na hawaubadilishi kwa ajili ya mtu. Kahawa nyeusi ni ‘nero’. Ikitiwa povu kidogo la maziwa huwa ‘capo’. Capo hiyo hiyo ikiletwa katika bilauri badala ya kikombe huitwa ‘capo in b’, herufi b ikisimamia ‘bicchiere’, yaani bilauri. Anayetaka kikombe kikubwa chenye maziwa tele, kile ambacho Italia nzima hukiita cappuccino, sharti aseme ‘caffelatte’.

Ukaidi huo una sababu. Trieste, mji wa watu wapatao 200,000 ulio kwenye ncha ya Bahari ya Adriatiki na mpaka wa Slovenia, ndiyo bandari kuu ya kahawa nchini Italia. Hakuna mbuni hata mmoja unaoota huko. Majira ya baridi yangeuua. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili magunia ya buni yamekuwa yakishushwa kwenye magati yake, yakahifadhiwa, yakapimwa, yakakaangwa na kusafirishwa tena. Msomaji kutoka Nyeri, Kirinyaga au Bungoma, ambako kahawa huchumwa lakini chai ndiyo hunywewa, ana sababu ya kuutazama mji huu kwa jicho tofauti na la mtalii wa kawaida.

Utajiri wa Trieste ulianza kwa amri. Mnamo 1719 Mfalme Mkuu Charles VI wa ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria, aliitangaza kuwa bandari huru. Wafanyabiashara wa mataifa na dini zote wakaruhusiwa kuingiza bidhaa pasipo kulipa ushuru. Bintiye, Malkia Maria Theresa, aliendeleza kazi hiyo kwa kujaza mashamba ya chumvi na kujenga mtaa mpya wenye barabara zilizonyooka, ambao hadi leo unaitwa Borgo Teresiano. Jina la malkia huyo si geni Afrika Mashariki. Sarafu za fedha zenye sura yake na mwaka wa 1780 ndizo zilizokuwa zikitumika Unguja na Pwani nzima katika karne ya 19, wakati bei za pembe, karafuu na, kwa masikitiko, za binadamu zilipokuwa zikihesabiwa kwa reale.

Wageni walioitikia mwito wa bandari huru walikuwa Wagiriki, Waserbia, Wayahudi, Waarmenia, Wajerumani na wengineo, na kila jamii ilijenga nyumba yake ya ibada. Ndiyo maana katika matembezi ya nusu saa mtu hupita kanisa la Waorthodoksi wa Kigiriki lililo ukingoni mwa bahari, kanisa la Waserbia la Mtakatifu Spyridon lenye makuba ya buluu kando ya Mfereji Mkuu, na sinagogi la mwaka wa 1912 ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi barani Ulaya.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka wa 1869, Trieste ilikuwa tayari. Mfanyabiashara wake mmoja, Pasquale Revoltella, alikuwa makamu wa rais wa kampuni iliyouchimba. Jumba lake sasa ni makavazi ya sanaa. Kampuni ya meli ya mji huo, Lloyd, ilipeleka meli zake Mashariki ya Mbali na Afrika. Katika miaka ya 1950 meli zake mbili za abiria, Africa na Europa, zilikuwa zikiondoka Trieste, zikipita Suez na Aden na kutia nanga Mombasa kabla ya kuendelea kusini. Wazee wa Mombasa waliofanya kazi bandarini Kilindini enzi hizo hawangehitaji kuelezwa Trieste ni wapi.

Je, buni hufanywa nini inapofika? Sheria ya bandari huru, iliyothibitishwa tena katika mkataba wa amani wa mwaka wa 1947, inaruhusu bidhaa kukaa bohari kwa muda wowote bila kutozwa kodi wala ushuru hadi zinapotolewa kuingia sokoni. Kwa hivyo mwenye mzigo anaweza kusubiri bei nzuri. Wakati huo huo vijopo vya waonjaji hutia buni kidogo mashineni, huikaanga, huisaga, huimimina maji ya moto na kuivuta kwa kijiko kwa sauti kubwa isiyokubalika mezani pa watu wenye adabu. Kutokana na mfyonzo huo huamuliwa iwapo gunia litachanganywa na lipi na kuuzwa kwa nani. Kuna wasafishaji, kuna wanaoondoa kafeini, kuna madalali, na kuna wakaangaji. Mashuhuri zaidi kati ya hao wa mwisho ni kampuni ya illy, iliyoanzishwa mwaka wa 1933 na Francesco Illy, mzaliwa wa Milki ya Austria na Hungaria aliyeamua kubaki Trieste baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha faida iko wapi. Kikombe kimoja cha nero hutumia gramu 7 hivi za kahawa iliyosagwa. Gunia la kilo 60 la buni mbichi hupoteza uzito likikaangwa na kubaki kama kilo 50, ambazo hutoa vikombe visivyopungua 7,000. Kikombe kimoja kikiuzwa kwa zaidi ya Yuro moja, gunia hilo humaliza safari likiwa limeingiza zaidi ya Yuro 7,000. Kweli, ndani yake mna kodi ya nyumba, mishahara, umeme, mashine na ushuru wa serikali. Lakini gunia la kilo 50 la kahawa bora ya Kenya huuzwa katika mnada wa Nairobi kwa dola mia kadhaa tu, na mkulima hupata sehemu yake baada ya kiwanda, chama cha ushirika na madalali kuchukua zao. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya, na vilevile ya Uganda inayopitia Mombasa na ambayo Italia ni mmoja wa wanunuzi wake wakubwa, huondoka bandarini ikiwa mbichi.

Basi inywewe wapi? Mahali panapostahili kutangulia ni Caffè San Marco katika barabara ya Battisti, iliyofunguliwa Januari 1914. Kuta zake zimechorwa barakoa, meza zake ni za marumaru, na ndani yake mna duka la vitabu. Mnamo Mei 1915, Italia ilipotangaza vita dhidi ya Austria, askari waliivamia na kuivunjavunja kwa sababu vijana waliotaka mji ujiunge na Italia walikuwa wakikutana humo. Leo mtu aweza kukaa saa tatu na kikombe kimoja bila kuulizwa. Kwenye uwanja mkuu, Piazza Unità d’Italia, kuna Caffè degli Specchi iliyodumu tangu 1839. Uwanja wenyewe una majumba pande tatu na bahari upande wa nne, na ni mzuri ajabu jioni. Ila mteja ajue desturi ya Italia: kahawa inayonywewa kwa kusimama kwenye kaunta ni nafuu, na ile inayoletwa mezani, hasa mahali penye mandhari, hulipiwa mandhari hayo pia. Wafanyakazi wa mji husimama. Hunywa kwa dakika mbili, hulipa, huondoka.

Mikahawa hii ndiyo iliyowalea waandishi. James Joyce wa Ireland alifika mwaka wa 1904 akiwa hana kitu, akafundisha Kiingereza huku akihama nyumba moja hadi nyingine kwa kushindwa kulipa kodi. Sehemu kubwa ya kitabu chake Dubliners aliiandika huko, na huko ndiko alikoanza Ulysses. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Ettore Schmitz, mfanyabiashara wa rangi za kupaka meli, ambaye alikuwa ameandika riwaya mbili zisizosomwa na mtu. Joyce alimtia moyo, na riwaya yake ya tatu ya mwaka wa 1923, aliyoitoa kwa jina la Italo Svevo, sasa inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya Kiitaliano. Sanamu ya Joyce imesimamishwa kwenye daraja la Ponte Rosso, mkono mfukoni, kana kwamba anamkwepa mwenye nyumba.

Chakula cha Trieste ni cha bandari, tena cha bandari ya Austria. Anayetarajia pizza na tambi ataziona, lakini si hizo anazojivunia mwenyeji. Wachukuzi wa mizigo walioamka alfajiri walihitaji kitu kizito ifikapo saa nne asubuhi, na mlo huo mdogo wenyeji huuita ‘rebechin’. Kutokana na haja hiyo zikazuka hoteli ndogo ziitwazo ‘buffet’, ambapo nyama ya nguruwe ya kila namna huchemshwa siku kutwa katika sufuria moja kubwa, kisha hukatwa mbele ya mteja na kuliwa kwa haradali, kabeji iliyochachushwa na mzizi mkali unaoparuzwa papo hapo hadi macho yakatoka machozi. Buffet da Pepi, iliyoko karibu na soko la hisa la zamani, imekuwapo tangu 1897.

Wasiokula nguruwe hawatalala njaa, ila wawe waangalifu. Supu maarufu ya mji huo, ‘jota’, hupikwa kwa maharagwe, viazi na kabeji chachu. Ni chakula ambacho mtu wa Murang’a angekitambua nusu yake. Lakini mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, kwa hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kijiko cha kwanza. Salama zaidi ni samaki. Dagaa wa Adriatiki, ambao wenyeji huwaita ‘sardoni’, hukaangwa kisha kulazwa kutwa nzima katika siki na vitunguu vilivyopikwa, na mtu wa Pwani aliyezoea achari hatauona mgeni mlo huo. Baadaye huja ‘presnitz’, kinyunya kilichoviringishwa kama nyoka aliyelala, ndani yake mkiwa na njugu, zabibu kavu na viungo.

Kuna mahali pengine pa kula ambapo chakula si sababu pekee ya kwenda. Juu ya kilima cha San Giovanni kulikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, yenye kuta na malango, na ndani yake watu wapatao 1,200. Mwaka wa 1971 daktari Franco Basaglia aliteuliwa kuiongoza. Alikataa mikanda ya kuwafungia wagonjwa vitandani, akakataa shoti za umeme, akafungua wodi. Mnamo 1973 wagonjwa, wauguzi na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa mbao wa rangi ya buluu, wakamwita Marco Cavallo, na walipotaka kumtoa nje ikabidi walivunje lango kwani hakuenea. Wakamfuata hadi mjini. Miaka mitano baadaye, Mei 1978, bunge la Italia lilipitisha sheria nambari 180 iliyoagiza hospitali za aina hiyo zifungwe kote nchini na wagonjwa watunzwe katika jamii. Wapinzani wake walisema mzigo ungeangukia familia, na katika sehemu kadhaa za Italia ambako huduma mbadala zilichelewa, ndivyo ilivyokuwa. Trieste yenyewe ilijenga vituo vya afya ya akili mitaani, na Shirika la Afya Duniani limeutumia mji huo kama kielelezo.

Leo San Giovanni ni bustani ya umma yenye maelfu ya aina za waridi, ofisi, na wodi za zamani zilizogeuzwa madarasa ya chuo kikuu. Katikati yake mna mkahawa wa Il Posto delle Fragole, uliozaliwa na vyama vya ushirika ambavyo wagonjwa wa zamani waliajiriwa kwa mshahara halali. Chakula chake ni cha kawaida na bei yake ni ya kadiri. Mgeni akiwa na mlo mmoja tu wa mchana mjini Trieste, heri aule hapo kuliko uwanjani.

Upande mwingine wa mji, katika mtaa wa viwanda, pana historia nyeusi zaidi. Risiera di San Sabba kilikuwa kiwanda cha kukoboa mpunga ulioletwa na meli. Wajerumani walipoiteka Trieste mwaka wa 1943 walikigeuza kambi ya mateso, wakajenga humo tanuri la kuchomea maiti. Waliouawa, wengi wakiwa wapiganaji wa msituni na wafungwa wa kisiasa, Waitaliano, Waslovenia na Wakroatia, wanakadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Wayahudi walizuiliwa hapo kabla ya kusafirishwa kwenda Auschwitz. Mahali hapo sasa ni makavazi ya taifa, na mgeni huingia akipita kati ya kuta mbili ndefu za saruji zinazomfinya kimya.

Kwa anayetaka hewa safi, kasri jeupe la Miramare liko mwendo wa kilomita kama nane kutoka mjini kwa kufuata ufuo. Lilianza kujengwa mwaka wa 1856 kwa ajili ya Maximilian, mdogo wa mfalme wa Austria, aliyekubali kwenda kutawazwa Mexico na kupigwa risasi huko mwaka wa 1867. Bustani yake haina kiingilio. Ng’ambo ya miti kuna jengo lisilo na fahari ambalo Waafrika wengi walilifahamu kabla ya kulisikia kasri: kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoanzishwa mwaka wa 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, ambaye alishinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Lengo lake lilikuwa kuwapa wanasayansi wa nchi maskini mahali pa kufanyia utafiti bila kulazimika kuhama makwao daima. Wakenya ni miongoni mwa waliopitia hapo. Wazo la kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao yake Nairobi, nalo lilichipuka katika mkutano wa Trieste mwaka wa 1985, na aliyepewa kazi ya kulitekeleza ni Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya.

Majira ya joto wenyeji huogelea ufuo wa Pedocin, karibu na mnara wa zamani wa taa. Una ukuta mweupe unaoanzia nchi kavu na kuingia majini: wanawake na watoto upande mmoja, wanaume upande wa pili. Ukuta huo ulijengwa enzi za Austria, na kila ikitajwa kuubomoa, wanawake ndio hupinga wa kwanza. Wanasema ndipo mahali pekee wanapopumzika.

Nyuma ya mji huinuka nyanda za mawe za Carso, ambako vijiji vingi ni vya Waslovenia na vibao vya barabarani vimeandikwa lugha mbili. Hilo halikupatikana bure. Mnamo Julai 1920 wafuasi wa ufashisti walilichoma jumba la utamaduni la Waslovenia lililokuwa katikati ya Trieste, na baadaye lugha yao ikapigwa marufuku shuleni. Jumba hilo lilikabidhiwa tena jamii hiyo kwa makubaliano yaliyotiwa saini Julai 2020, miaka 100 kamili baadaye.

Huko Carso ndiko ziliko ‘osmize’. Mwaka wa 1784 Mfalme Joseph II aliwaruhusu wakulima kuuza mazao yao nyumbani kwa siku nane kila mwaka, na neno lenyewe latokana na ‘nane’ katika Kislovenia. Siku zimeongezeka, lakini utaratibu ni ule ule. Hakuna tangazo, tawi la mti lenye majani mabichi hutundikwa njia panda pamoja na mshale, na anayeufuata hufika uani kwa mkulima. Huuzwa mvinyo wa nyumba hiyo, mayai ya kuchemsha, jibini, mkate na nyama zilizokaushwa. Anayefika akakuta tawi limeondolewa hana budi kurudi, kwa maana mkulima amekwishauza.

Kwa upande wa safari, Mkenya huhitaji viza ya Schengen, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hushukia Venice na kupanda gari la moshi kwa muda wa saa mbili hivi. Uwanja wa ndege wa Trieste wenyewe una stesheni tangu 2018. Akitoka stesheni ya mjini, mgeni ataukuta uwanja wa Piazza Libertà, ambako jioni wahisani hufunga vidonda vya miguu ya vijana, wengi wao kutoka Afghanistan na Pakistan, waliotembea kupitia nchi za Balkan. Trieste bado ni mlango, ingawa si wote wanaoupitia hupokewa kama magunia ya buni.

Jambo la mwisho ni upepo. Anayejua kaskazi na kusi asidhani amekwisha kujua upepo. Ule wa Trieste huitwa Bora, jina lisilohusiana na neno la Kiswahili, na huteremka kutoka Carso hasa wakati wa baridi kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Zamani kamba zilifungwa kando ya barabara ili wapita njia wajishikilie. Asiyetaka kujaribiwa aende Mei, Juni au Septemba. Wiki ya pili ya Oktoba ina mashindano ya Barcolana, ambapo mamia ya mashua za tanga huondoka kwa pamoja, na vyumba vya kulala hupanda bei mno. Ni afadhali kuviweka mapema, au kulala kijijini Carso na kuteremka mjini kwa basi.